Likizo kwa gari lako: Mwongozo wa msafiri wa Kisii na Nyamira

Na MWANDISHI WETU

MSIMU wa likizo unapokaribia, maelfu ya jamaa jijini Nairobi huanza kupiga hesabu za safari ya kuelekea magharibi mwa nchi. Baadhi huenda nyumbani kwa wazazi, wengine huenda kuwajulia hali wakwe, na siku hizi wapo pia wasio na nasaba yoyote huko, ambao nia yao ni kuona vilima vya Gusii, mashamba ya majanichai na mawe yanayochongwa Tabaka. Wengi wao hawapendi kubanana ndani ya matatu wala kulanguliwa nauli wakati wa sherehe. Huamua kujiendeshea magari yao wenyewe.

Uamuzi huo una raha yake. Mwenye gari lake husimama apendapo, hupita vijia ambavyo basi haliingii, na hubadilisha ratiba bila kuomba ruhusa ya mtu. Hata hivyo, raha hiyo ina masharti. Nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifariki barabarani kila mwaka katika miaka ya hivi karibuni, na njia ya kwenda Kisii imewahi kutoa sehemu yake ya msiba. Usiku wa kuamkia Agosti 29, 2013, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea Homa Bay lilianguka Ntulele, katika Kaunti ya Narok, na kuwaua watu 41. Anayepanga safari hii kwa familia yake hana budi kuipanga kama mtu anayejua hayo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa safari ya siku tano kwa gari katika kaunti za Kisii na Nyamira: wakati wa kwenda, njia za kufuata, matayarisho ya gari, hesabu ya mafuta, mambo ya kuona na tahadhari za kuchukua.

Wakati wa kwenda

Jambo la kwanza la kuamua ni mwezi. Nyanda za juu za Gusii hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu kubwa, na hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu kabisa. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, nazo mvua fupi kuanzia Septemba hadi Novemba au mapema Desemba. Kipindi chenye nafuu zaidi kwa dereva ni mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti.

Aghalabu mvua ya Gusii ina saa zake. Asubuhi huwa na jua jepesi, mawingu hukusanyika adhuhuri, na mvua ya ngurumo humwagika alasiri. Eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa sana na radi nchini, na wenyeji huliheshimu jambo hilo. Kwa hivyo msafiri mwerevu hufanya matembezi yake asubuhi, na ifikapo saa nane mchana huwa tayari amekaribia mahali pa kulala.

Jambo la pili ni siku ya juma. Waabagusii wengi ni waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Siku ya Jumamosi maduka mengi mashambani hufungwa, karakana hunyamaza na watu huwa kanisani. Mtu akifika Tabaka Jumamosi akitarajia kuona wachongaji wakiwa kazini, huenda akarudi mikono mitupu. Mpango unaofaa ni kuondoka Nairobi Jumatano, kuzuru Tabaka Alhamisi na Nyamira Ijumaa, kupumzika au kwenda ziwani Jumamosi, kisha kurejea Jumapili alfajiri.

Jambo la tatu ni kuepuka siku za msongamano. Siku mbili tatu kabla ya Krismasi, barabara ya Narok hujaa magari ya kila aina, na madereva waliochoka hupitana mahali pasipofaa. Ikiwezekana, tangulia kwa juma moja au uchelewe hadi sikukuu zipite.

Njia za kufuata

Njia fupi zaidi kutoka Nairobi hupitia Rironi, Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik na Keroka hadi mjini Kisii. Urefu wake ni takriban kilomita 310, na dereva asiye na pupa huimaliza kwa saa sita au saba pamoja na mapumziko.

Sehemu ya kwanza ni mteremko wa Bonde la Ufa kati ya Rironi na Mai Mahiu. Barabara hiyo ya zamani ilijengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, nao ndio waliojenga kanisa dogo lililo chini ya mteremko mnamo 1942. Wasafiri wengi husimama hapo kulitazama. Mandhari ya bonde ni ya kuvutia, lakini dereva asiyatazame akiwa anaendesha: barabara ni nyembamba, ina malori mengi, na hakuna nafasi ya kukosea. Simama kwenye vituo vilivyotengwa ndipo utazame.

Mradi wa kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na ile ya Rironi, Mai Mahiu na Naivasha, ulizinduliwa mwishoni mwa 2025. Dereva atarajie mashine, vumbi na njia za muda, na aongeze saa moja katika hesabu yake.

Kutoka Mai Mahiu barabara huelekea Suswa na Narok. Uwanda huu hupata mafuriko. Mnamo 2018 mvua kubwa ilipasua ardhi karibu na Suswa na kukata barabara hiyo, na Aprili 29, 2024 maji yaliporomoka usiku karibu na Mai Mahiu na kuua watu kadhaa. Nyakati za mvua kubwa, sikiliza taarifa za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya kuwasha injini, na usijaribu kamwe kuvuka maji yanayopita juu ya lami. Maji ya magotini yanaweza kulisukuma gari dogo nje ya barabara.

Baada ya Narok utapita Ewaso Ng'iro, mahali inapochepuka njia ya Maasai Mara, kisha Ololulung'a na Mulot, penye mto Amala. Hapa Kaunti ya Narok huishia na ya Bomet huanza. Matuta ni mengi kila penye soko, na si yote yaliyopakwa rangi. Ng'ombe na kondoo pia huvuka bila taarifa. Ukimwona mmoja, jua wengine wako nyuma yake.

Baada ya Bomet kuna njia panda ya Kaplong, ambako barabara ya Kericho hutokea, kisha mji wa Sotik. Soko la Chebilat liko kwenye mpaka wa Bomet na Nyamira. Ukishalipita, umeingia Gusii. Mashamba makubwa ya Borabu, yaliyokuwa ya walowezi kabla ya uhuru, hukupokea kwa majanichai na ng'ombe wa maziwa. Halafu huja Keroka, mji ulioketi juu ya mpaka wa kaunti zote mbili, na Keumbu, maarufu kwa ndizi zake mbivu.

Njia ya pili hupitia Nakuru na Kericho. Ni ndefu zaidi, lakini huwafaa wanaotaka kuona mashamba ya chai ya Kericho au walio na jamaa Nakuru. Nayo ina hatari zake: Juni 30, 2023 lori lilipoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani na kuwaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Funzo lake ni kwamba mahali pa kununua mboga si kando ya lami. Egesha mbali na barabara, au usinunue.

Wanaotoka Kisumu hupitia Ahero, Sondu na Oyugis. Wanaotoka Tanzania huvuka mpaka wa Sirari na Isebania, kisha hupitia Migori na Rongo. Mgeni anayevuka na gari lake ahakikishe kuwa ana kadi ya gari, leseni halali na bima inayotambuliwa nchini Kenya, na ayapate hayo kabla ya kufika mpakani.

Matayarisho ya gari

Mpeleke fundi gari juma moja kabla ya safari, si siku moja. Akigundua kasoro, utakuwa na muda wa kutafuta kipuri kwa bei ya kawaida. Mwambie kuwa unaenda milimani, naye atajua pa kuanzia: breki, magurudumu, maji ya rejeta, mikono ya kufuta kioo na taa zote. Breki iliyokuwa ikilia kidogo katika barabara za mjini itakuaibisha kwenye mteremko wa Mai Mahiu.

Kagua gurudumu la akiba, jeki na spana ya magurudumu kwa macho yako mwenyewe. Wapo madereva waliogundua gizani, mbali na mji, kwamba gurudumu la akiba halina upepo. Sheria inamtaka kila dereva awe na pembetatu mbili za tahadhari. Ongeza kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza, tochi, kamba ya kuvutia gari na maji ya kunywa.

Stakabadhi za kubeba ni leseni ya kuendesha gari, bima iliyo hai kwa siku zote za safari, na kitambulisho. Bima ikiisha Ijumaa nawe unarudi Jumapili, ilipie upya kabla ya kuondoka. Ajali ikitokea siku moja baada ya bima kuisha, hasara yote ni yako, pamoja na ya mtu mwingine utakayemgonga.

Kwa anayekodi gari, asome mkataba wote. Aulize mambo matatu: ni kiasi gani atakachodaiwa gari likipata ajali hata kama lina bima kamili, kama anaruhusiwa kuliingiza katika barabara zisizo na lami, na ni nani wa kumpigia simu likiharibika usiku. Apige picha za gari kila upande mbele ya mwenye gari, ili asije akalipishwa mikwaruzo aliyoikuta.

Hesabu ya mafuta

Watu wengi hukadiria mafuta kwa kubahatisha, kisha fedha huwaishia wakiwa njiani kurudi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwenda na kurudi ni kilomita 620. Matembezi ndani ya kaunti hizi mbili, pamoja na safari moja ya ziwani, hayazidi kilomita 250. Jumla ni kilomita 870. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 72 na nusu. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vilima na foleni, upate lita 80. Zidisha kwa bei ya lita moja.

Bei hiyo hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) tarehe 14 ya kila mwezi, na huanza kutumika siku inayofuata. Anayesafiri katikati ya mwezi aangalie tangazo hilo. Ikiwa bei inapanda, jaza tangi tarehe 14.

Jaza mafuta Nairobi, kisha ongeza Narok au Bomet. Usingoje taa ya mafuta iwake. Katika vijia vya Nyamira kituo kinachofuata kinaweza kuwa upande wa pili wa mlima, na petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia haina mdhamini.

Siku ya safari

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwanga unapoanza. Kuondoka saa tisa usiku ili "kuwahi" ni desturi ya wengi, lakini humfanya dereva afike Narok akiwa na usingizi, wakati ambapo malori yasiyo na taa za nyuma bado yako njiani. Ajali ya Ntulele ilitokea usiku wa manane.

Pumzika dakika 20 kila baada ya saa mbili. Narok ni mahali pazuri pa kifungua kinywa, na Bomet ni pazuri pa chakula cha mchana cha mapema. Mwenye leseni wa pili akiwapo, badilishaneni. Watoto wakae nyuma, wafunge mikanda, na mtoto mdogo asipakatwe na mama kwenye kiti cha mbele. Katika kishindo cha ghafla hakuna mikono iwezayo kumshikilia.

Usiendeshe gari ukiwa umekunywa pombe. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni miligramu 0.35 katika lita moja ya pumzi, lakini dereva wa milima hahitaji kufika huko ili apotelewe na kona. Mvinyo wa sikukuu ungoje gari liegeshwe.

Namna ya kuendesha milimani

Anayetoka Nairobi huenda akadhani kwamba ugumu umekwisha akifika Keroka. Hasha! Hapo ndipo penye ustadi mwingine. Kulingana na sensa ya 2019, Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, katika eneo dogo sana: Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Maana yake kwa dereva ni kwamba hakuna pori kati ya kijiji na kijiji. Kila lango la boma hufunguka barabarani. Watoto wa shule, bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi na kina mama wenye vikapu vya majanichai wote wanatumia ukingo uleule wa lami.

Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Dereva anayekanyaga breki mteremko mzima huzichoma, na zikishapata moto hazishiki tena. Walio na magari yanayojibadilishia gia wahamishe mkono hadi gia ndogo badala ya kuliacha gari likimbie lenyewe.

Kwenye kona piga honi kidogo na ukae upande wako wa kushoto. Usimpite lori la majanichai kwenye mpando hata likienda pole. Ukungu ukishuka asubuhi pande za Borabu na Keroka, washa taa za chini, si zile kali, kwa maana mwanga mkali hurudishwa na ukungu machoni pako.

Barabara za udongo ni suala jingine. Udongo mwekundu wa Gusii ukilowa huteleza kama sabuni. Ukiwa na gari dogo na mawingu yameanza kukusanyika, usiingie njia ya udongo inayoteremka, kwani utashuka kwa urahisi na kukwama kwa siku nzima. Muulize mwenyeji kwanza: "Gari hili litatoka?" Usiulize kama litafika.

Mji wa Kisii

Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Wazee bado huuita Getembe, na wengine Bosongo, jina linalokumbusha kwamba Wazungu waliweka makao yao hapo. Mnamo Septemba 12, 1914, majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana mjini humo, katika siku za mwanzo za Vita Vikuu vya Kwanza. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka wa 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa utawala wa Kiingereza, Northcote, na kisa chake pamoja na cha nabii wa kike Moraa husimuliwa mpaka leo.

Barabara kuu hupita katikati ya mji, na foleni huwa ndefu asubuhi na jioni. Tafuta nyumba ya wageni yenye maegesho ndani ya ua na mlinzi wa usiku, ulaze gari hapo, na uutembelee mji kwa miguu. Soko la Daraja Mbili ni la kuona: ndizi, maparachichi, viazi vitamu, mboga za kienyeji na vyungu. Nenda na fedha kidogo mfukoni na kikapu mkononi.

Katika vyakula, usiondoke bila kula ugali wa wimbi pamoja na mboga ya mgagani, ambayo wenyeji huiita chinsaga, na maziwa ya mgando. Mgagani ni mchungu kidogo kwa asiyeuzoea, lakini hupikwa kwa maziwa na huzoeleka upesi.

Tabaka

Tabaka iko Mugirango Kusini, kusini magharibi mwa mji wa Kisii. Safari kwa gari huchukua chini ya saa moja kukiwa kukavu. Hapa ndipo linapochimbwa jiwe laini linalojulikana duniani kwa jina la jiwe la Kisii. Lina rangi nyingi: jeupe, la waridi, la kijivu, la manjano, na huchongwa kwa panga, patasi na kisu. Baadaye husuguliwa kwa msasa na maji, kazi ifanywayo sana na wanawake, ndipo lipakwe nta.

Mchongaji mashuhuri zaidi kutoka hapo ni Elkana Ong'esa, aliyezaliwa 1944, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imo katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Lakini kwa kila Ong'esa kuna mamia ya wachongaji ambao majina yao hayajulikani, na ambao huwauzia madalali kinyago kwa sehemu ndogo tu ya bei kitakachouzwa Nairobi au ng'ambo.

Hapa ndipo mwenye gari ana nafasi ya kutenda jambo la maana. Nunua moja kwa moja kutoka kwa aliyechonga. Muulize jina lake na muda aliotumia. Kupatana bei ni desturi na hakuna ubaya, ila usimpunje mtu uliyeona akikohoa vumbi la jiwe hilo siku nzima. Lipa kwa fedha taslimu au kwa simu, akupe apendavyo.

Jiwe hili ni zito na huvunjika. Nenda na magazeti ya zamani na maboksi, funga kila kipande peke yake, na uyaweke mazito sakafuni, si juu ya kiti wala nyuma ya vichwa vya abiria. Gari likifunga breki ghafla, kinyago cha kilo tatu hugeuka silaha. Na ukialikwa kuona machimbo, simama mbali na ukingo. Kuta za mashimo hayo huporomoka, hasa baada ya mvua, na watoto wasiachiwe hata mara moja.

Nyamira na Manga

Siku ya Nyamira ianze mapema. Kivutio kikuu ni ukingo wa Manga, ukuta wa miamba unaoonekana kutoka mbali na ambao ni sehemu ya masimulizi ya kale ya Waabagusii. Juu yake mtu huona mji wa Kisii na mabonde yaliyogawanywa vipande vidogo vidogo vya mashamba, mithili ya mkeka wa rangi. Acha gari kwenye makazi ya watu, tafuta kijana wa hapo akuongoze, na mkubaliane malipo kabla ya kupanda. Vaa viatu vinavyoshika. Usikaribie ukingo kukiwa na upepo au umande, na ngurumo ikisikika, shuka mara moja.

Kutoka hapo endelea hadi mji wa Nyamira, kisha pande za Kebirigo. Mashamba ya chai hapa si ya makampuni makubwa bali ni ya wakulima wadogo, wenye vipande vya ardhi vya ekari moja au chini yake, wanaopeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya KTDA kama vile Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo na Tombe. Asubuhi utawaona wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni, na alasiri wakisubiri lori kwenye vituo vya kupimia. Simama uwasalimie, uulize kabla ya kupiga picha, na usiingie shambani bila idhini.

Upande wa mashariki viko vilima vya Kiabonyoru, ambako mto Gucha huanzia kabla ya kuteremka kupitia Kisii na Migori hadi Ziwa Victoria. Njia za huko ni za milima na baadhi ni za udongo. Ni za siku kavu tu.

Kutia miguu ziwani

Aliyebakiwa na siku moja anaweza kushuka hadi Homa Bay kupitia Rongo. Kutoka hapo kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, makao ya pekee ya korongo nchini Kenya, au Mbita, ambako daraja huvusha magari hadi kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Wanaopenda historia huelekea Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, maboma ya mawe yaliyotiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018. Chagua mahali pamoja. Anayejaribu kuona vyote kwa siku moja hurudi gizani, na hakuna alichokiona.

Afya na adabu

Malaria ni ya kudumu kandokando ya ziwa, na nyanda za juu za Kisii zilikumbwa na mikurupuko yake katika miaka ya 1990. Lala ndani ya chandarua, na ukipata homa baada ya safari, umwambie daktari ulikokuwa. Kwa dharura kuna Hospitali ya Rufaa ya Kisii, Hospitali ya Rufaa ya Nyamira na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Camillus huko Tabaka. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199.

Salamu hufungua milango. Asubuhi sema "Bwakire", jioni "Bwairire". Msemaji wa Kiswahili ajihadhari na jambo moja: katika Ekegusii mama huitwa "baba", na baba huitwa "tata". Ukisikia mtoto akimwita mwanamke "baba", usicheke. Ukialikwa nyumbani usikatae chakula kabisa. Onja hata kidogo, na ukumbuke kufika na sukari, mkate au majani ya chai.

Kurejea

Siku ya kurudi ndiyo yenye hatari kubwa kuliko ile ya kwenda. Mwili umechoka, fedha zimepungua, watoto wanagombana na kila mtu anataka kuwahi kazini Jumatatu. Pima upepo wa magurudumu na maji ya rejeta usiku uliotangulia. Ondoka Kisii saa kumi na mbili asubuhi, ili uupande mteremko wa Mai Mahiu mchana, kabla ya foleni ya jioni kuziba njia.

Mambo yakiharibika na ukachelewa, lala Narok. Gharama ya chumba cha usiku mmoja si kitu ukiilinganisha na mkosi wa barabarani, na mwajiri atakuelewa ukimpigia simu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika barabara ya Kisii, mwenda pole pia hupata kuona njia aliyoilipia mafuta, na huwarudisha nyumbani wote aliotoka nao.